Likasi: mulima uko karibu, lakini nani anaupanda na juu ya nini?

Mutu akisimama Kikula ao Panda na kuinua macho, anaona mulima. Likasi, muji wa Haut-Katanga ulio karibu kilometa 120 kutoka Lubumbashi ku barabara ya Kolwezi, umejengwa katikati ya vilima. Mawe yako kila pahali: chini ya nyumba, kando ya reli, ndani ya karieri za zamani. Na kila siku vijana wanapanda na kushuka ku mawe hayo. Lakini hawafanye hivyo juu ya muchezo. Wanatafuta shaba na kobalti.

Mbali na hapa, kupanda mawe kumekuwa muchezo wa watu wa miji mikubwa. Ulaya, Asia na Amerika, mutu anatoka ofisini magaribi, analipa tiketi, anaingia ndani ya jumba lenye ukuta uliotengenezwa kama jiwe, na anapanda mupaka juu. Muchezo huo uliingia ku Olimpiki mara ya kwanza Tokyo, mwaka 2021. Paris, mwaka 2024, wanaume wenye mbio walimaliza ukuta wa metre 15 kwa chini ya sekunde tano.

Kule wanatengeneza jiwe la uongo sababu la kweli liko mbali na muji. Huku la kweli liko nyuma ya nyumba, na kulipanda kunaweza kuleta kifo. Tofauti hii imetoka wapi?

Muji uliozaliwa na jiwe

Likasi iliitwa Jadotville, kwa jina la Jean Jadot, mumoja wa wakubwa wa Union Minière. Kampuni ilikuja juu ya jiwe, na muji ukafuata. Wakati Gécamines ilichukua nafasi ya Union Minière, maisha yaliendelea vile vile: kampuni ilitoa kazi, nyumba, unga, hospitali, masomo ya watoto na uwanja wa mupira. Mulima ulikuwa wa kampuni. Aliyeingia karieri aliingia na karte ya kazi, kofia ngumu ku kichwa, na mukubwa wa kazi nyuma yake.

Kisha ile dunia ilianguka. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa tani zaidi ya 400.000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mugodi wa Kamoto, Kolwezi, uliporomoka. Vurugu za siasa zikafuata, mashini zikazeeka bila kupata zingine. Mwaka 1994 kampuni ilitoa karibu tani 30.000 tu. Miaka ya 2003 na 2004, kwa mupango uliolipiwa na Banki ya Dunia, wafanyakazi 10.655 wa Gécamines walipewa feza ya mwisho na kurudi nyumbani.

Ndani ya nyumba nyingi za Likasi, Kambove na Kolwezi, baba alibaki na miaka ya kazi bila kazi. Mutoto alichukua pelle na mufuko, akapanda mulima. Njo maana mutu akisema kwamba krezere ni kijana asiyependa masomo, anasahau nusu ya hadisi.

Kupanda bila kamba

Tuangalie namna mutu wa muchezo anapanda. Anavaa mukaba ku kiuno na ku mapaja. Kamba inafungwa kwa fundo lenye kuangaliwa na watu wawili. Chini kuna mwenzake anayeshika kamba. Yule wa juu akiteleza, kamba inamukamata. Mbele ya kuweka uzito, anagonga jiwe kwa mukono na kusikiliza: likilia kama kitu kitupu, analiacha. Mvua ikinyesha, anashuka.

Krezere naye ana ujuzi. Anachonga vishimo vidogo vya mukono na muguu ku pande mbili za pwi, anashuka kwa kusukuma ukuta wa kushoto na wa kuume kama mutu anayetembea ndani ya chupa. Nguvu na akili ya mwili ni zile zile. Tofauti ni kwamba kamba, kama iko, inabeba mufuko wa mabwe. Haifungwe ku mutu. Na jiwe lenyewe si lile lile. Ukuta wa karieri ulipigwa na baruti miaka mingi, una nyufa ndani. Udongo uliotupwa juu unabaki mulegevu. Mayi ya mvua ikiingia ndani, uzito unaongezeka na kile kilichosimama jana kinaanguka leo. Ku Katanga mvua inaanza mwezi wa kumi ao wa kumi na moja mupaka mwezi wa nne. Hiyo ni miezi ya kuogopa.

Likasi haina haja ya kwenda mbali kutafuta somo. Shinkolobwe iko karibu kilometa 20 na muji. Uranium yake ilitumiwa na Wamarekani kutengeneza bomu za mwaka 1945. Mugodi ulifungwa, lakini mwisho wa miaka ya 1990 wachimbaji waliingia kutafuta kobalti. Mwezi wa kwanza 2004 Rais Joseph Kabila alitia mukono amri ya kukataza kazi pale. Watu waliendelea. Tarehe 8 Julai 2004 pahali pa kuchimbia paliporomoka na watu wakafariki. Amri ilikuwa ku karatasi tayari. Kilichokosekana ni kazi ingine ya kumupa kijana aliyeambiwa atoke.

Mulima ni wa nani?

Kwa sheria, udongo na vilivyo chini yake ni vya Serikali. Kodi ya Madini ya 2002, iliyogeuzwa mwaka 2018, inasema muchimbaji mudogo awe Mukongomani mwenye miaka 18 kwenda juu, awe na karte, awe ndani ya koperative, na achimbe paka ndani ya eneo lililotengwa kwa kazi yake, lile linaloitwa ZEA. Shirika la SAEMAPE ndilo lenye kazi ya kumufuata na kumufundisha. Pwi haipashwe kupita metre 30.

Shida iko hapa: maeneo mengi yenye madini mazuri yako tayari mukononi mwa makampuni. ZEA ni chache, na zingine ziko mbali ao madini yake iko chini sana kwa mutu wa pelle. Kwa hiyo kijana anapanda mulima wa mwenyewe, mara nyingi usiku, akikimbia walinzi. Mutu anayekimbia hana wakati wa kugonga jiwe na kusikiliza.

Na bei inamufuata. Mwezi wa pili 2025 Serikali ilisimamisha kutuma kobalti inje ya inchi ili bei ipande. Mwezi wa kumi mwaka ule ikaleta kota, yenye tani 96.600 kwa kila mwaka wa 2026 na 2027. Kongo inatoa karibu tatu kwa ine ya kobalti ya dunia, kwa hiyo uamuzi huo unasikilika mupaka China. Lakini muchimbaji hana gala ya kuweka mali yake akisubiri bei. Soko likifungwa, anauza kwa bei ya chini, ao anaongeza mifuko. Kuongeza mifuko ni kushuka zaidi.

Ku upande mwingine, muji wenyewe unapanuka. Kiwanja ku bonde kikikosa ao kikiwa bei, watu wanajenga ku mutelemuko wa mulima. Miti inakatwa, mayi ya mvua inakimbia bila kizuizi, korongo linafunguka katikati ya njia. Wakaaji wa Bukavu wanajua hadisi hii vizuri. Na Goma wanaijua namna ingine: kisha Nyiragongo kulipuka mwaka 2002 na 2021, watu walijenga tena juu ya lile jiwe jeusi, sababu hawakuwa na pahali pengine.

Kwingine jiwe limepata nafasi

Mwanza, Tanzania, nyumba ziko katikati ya mawe makubwa, na watu wanaita muji wao muji wa miamba. Jiwe la Bismarck, lililo ndani ya Ziwa Victoria, ni alama yao. Wageni wanakuja kulipiga picha. Kenya, chama cha wapanda milima kiko tangu 1949, na ku mwisho wa juma watu wa Nairobi wanaenda kupanda miamba ya Lukenya na Hell's Gate. Kwetu pia, Ruwenzori na Nyiragongo zilileta wageni na kazi kwa waongozaji na wabeba mizigo, wakati kulikuwa amani.

Hakuna anayesema karieri za Likasi zigeuzwe uwanja wa muchezo kesho. Ukuta wa baruti haufae, na Shinkolobwe ina sumu isiyoonekana kwa macho. Lakini mufano huo unaonyesha kitu kimoja: mulima unaweza kuwa mali ya muji bila kuchimbwa wote.

Feza iko ku sheria

Kodi ya 2018 inagawa feza ya redevance ya madini: 50 kwa mia kwa Serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa muji, komine, sekta ao shefri penye mugodi, na 10 kwa mufuko wa vizazi vya kesho. Tena kampuni inapashwa kuweka 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii inayoizunguka. Kwa hiyo ulizo la wakaaji si kama feza iko. Ni: ile 15 kwa mia imeingia kiasi gani, na imefanya nini?

Mambo matatu hayahitaji mabilioni. La kwanza, kamba, kofia na mafunzo kwa koperative, na kikundi cha kuokoa watu, sababu mara nyingi pwi ikianguka wa kwanza kufika ni wachimbaji wenzao na mikono mitupu. La pili, kufunga mashimo yaliyoachwa karibu na nyumba na masomo. La tatu, kutenga vilima ambavyo havitauzwa wala kujengwa, vipandwe miti, watoto wapate pahali pa kupanda na kushuka bila mufuko ku mugongo.

Mvua haingojee mukutano. Wale wanaosimamia komine za Likasi, Kikula, Panda na Shituru wanaweza kuanza na jambo rahisi: kubandika ku mulango wa ofisi hesabu ya feza iliyoingia. Raia wakijua hesabu, watajua pia la kuomba. Na kijana anayepanda mulima kesho asubuhi atakuwa na sababu moja ya kuamini kwamba mulima ule ni wake pia.