Mreno Hakuitawala Pemba Miaka Mia Mbili

Imezoeleka Pemba kwamba cha kale ni cha Mreno. Mchezo wa ng'ombe eti katuachia yeye, na juu ya yote alitutawala miaka mia mbili, tangu Vasco da Gama alipofika mwambao huu 1498 hadi Ngome ya Yesu ya Mombasa ilipoanguka 1698. Hata hapa Jadida, Wete, mwanafunzi hulipokea hilo bila kuuliza. Mimi nalikataa. Mwenye kutawala hukaa, akaamuru, akatiiwa. Mreno alijenga ngome Kilwa 1505, akaihama 1512. Mombasa aliichoma 1505, akaichoma tena 1528, na 1589 akarudi kuiadhibu kwa kumpokea Ali Bey, kamanda wa Waturuki. Mji uliotii hauhitaji kuchomwa kila kizazi. Ngome ya Yesu yenyewe ilianza kujengwa 1593, miaka 95 baada ya da Gama, na 1631 Sultani Yusuf bin Hassan wa Mombasa, waliyemlea wao wenyewe Goa, India, wakambatiza, aliwaua Wareno wa ngomeni na kuishika. Wakati huohuo wapinzani walikuwa wakiwapokonya: Hormuz ya Ghuba ilikwenda 1622 kwa Waajemi na Waingereza, Muscat 1650 kwa Waomani. Pemba Wareno walikujia mchele na ng'ombe wa kulishia Mombasa. Dhuluma hiyo siipunguzi hata chembe, lakini kupora ghala la mtu si kuitawala nyumba yake.

Wapo watakaosema: na muhogo je, na mahindi? Kweli, mazao hayo ya Amerika yalivuka bahari kwa merikebu za Wareno. Lakini mbegu huenea kwa mkono wa mkulima anayeona inafaa, wala haihitaji gavana. Kuhusu ng'ombe, Wabetsileo wa nyanda za juu za Madagascar nao wana mchezo wao wa kupambana na fahali, na huko Mreno hakutawala kamwe. Kufanana peke yake hakuthibitishi aliyefunza. Kwa nini basi mchezo wa Pemba, ambamo ng'ombe hauawi, uhesabiwe kuwa wa Ulaya mpaka sisi tuthibitishe kuwa ni wetu?

Linaloniuma zaidi ni kinachofunikwa na imani hii. Mtambwe Mkuu, ng'ambo ya bandari ya Wete, mwaka 1984 wachimbuzi walifukua sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, pamoja na dinari chache za dhahabu za Wafatimi wa Misri. Zile za fedha ni ndogo mno, nyepesi kiganjani. Upande mmoja zina jina la mtawala Mwislamu wa mwambao huu, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, yamepangwa yapate kina kimoja na jina lile. Ni za karne ya 11, zaidi ya miaka 400 kabla ya da Gama. Watu waliotia vina hata kwenye pesa zao hawakuwa wakingoja kuvumbuliwa na mtu.

Walimu wa Wete, Mtambwe Mkuu iko karibu, na maji yakitoka panafikika kwa miguu. Wapelekeni wanafunzi wenu. Somo la historia ya Pemba lianzie huko, na Mreno asomeshwe baadaye, kama mvamizi aliyekuja akatimuliwa.