Mashine Nayo Ina Mjomba



Kuna wimbo wanauimba wenzetu wanaofungua ofisi za uwakala wa ajira huku Uingereza. Eti wakishanunua programu ya kupokea na kuchuja maombi ya kazi, upendeleo umekwisha, maana kompyuta haina mjomba. Mimi ni nesi. Niliitwa kutoa ushauri kwenye kikao kimoja cha kuchagua programu hiyo, na nasema tunajidanganya.

Maswali ya kikao yalikuwa matatu tu: pauni ngapi kwa mwezi, inachuja CV ngapi kwa saa, na je, inaunganika na barua pepe zetu? Hakuna aliyeuliza itamkataa nani na kwa sababu gani.

Nikaomba waijaribu kwa CV yangu. Ikanikataa! Usajili wangu wa NMC, baraza la wauguzi na wakunga la hapa, ni hai, na wodini niko kila wiki. Kosa langu ni miezi tisa niliyokaa nyumbani na mtoto. Kuna mtu aliweka sharti kwamba mwombaji asiwe amekaa bila kazi zaidi ya miezi sita. Sharti hilo halitaji mwanamke wala taifa, lakini hebu tujiulize, linamnasa nani? Aliyejifungua. Aliyerudi nyumbani kuuguza mama. Aliyehitimu Tanzania akasubiri ajira ya serikali. Hivi kweli hao wote wamesahau kumgeuza mgonjwa kitandani?

Tuje kwenye majina. Mtanzania ana lake, la baba na la babu. Cheti kinaandika matatu, pasipoti inayapanga kivingine, akiolewa anachukua la mume. Kwa mashine inayolinganisha herufi, huyo ni watu watatu. Kwa binadamu anayezijua mila zetu, ni swali moja la simu.

Msidhani ni hadithi za nesi. Amazon walitengeneza programu ya kuchambua waombaji, wakaifundisha kwa CV za miaka kumi, nyingi za wanaume. Ikaanza kuzishusha CV zenye neno la kuashiria wanawake. Wakaitupa, na Reuters wakaiandika habari hiyo mwaka 2018. Kampuni yenye wahandisi maelfu ilishindwa, sembuse wakala wa chumba kimoja?

Najua mtaniambia maombi ni mamia na ofisi ina watu wawili. Ni kweli. Na kweli pia utaratibu wa zamani, wa daftari na "huyu ni wa kwetu", ulikuwa aibu. Sisemi turudi huko. Programu itunze vyeti, ikumbushe tarehe za visa na usajili, ipange mahojiano. Lakini kukataa kufanywe na mtu mwenye jina. Hata sheria ya hapa inampa mwombaji haki ya kudai binadamu aangalie upya uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake.

Kwa hiyo kabla ya kusaini mkataba, daini haya. Sababu ya kila aliyekataliwa ionekane. Kila sharti lijulikane nani kaliweka na lini. Nakala za pasipoti zifutwe kwa muda uliopangwa. Kisha chukueni CV za manesi ishirini mnaojua wanafanya kazi vizuri, kwa idhini yao, mzipitishe humo. Ikiwatupa watano, muuzaji arudi na mzigo wake.

Mashine ina mjomba, ndugu zangu. Ni yule aliyeandika masharti. Tofauti ni kwamba mjomba wa zamani tulijua nyumba yake, mtu aliweza kwenda kugonga mlango na kuuliza nimekosa nini. Huyu wa sasa tunamlipa kila mwezi ili tusimwone.

Naomba kutoa hoja.