Viti vizungushwe, watu wazungumze

Mikutano ya Kayna, wilayani Lubero, inafanana na ya kwingineko Kivu Kaskazini: wakubwa mbele kwenye makochi, wananchi nyuma kwenye viti vya plastiki, kila mmoja akitazama kisogo cha mwenzake. Mwenye kipaza sauti ndiye msemaji.

Wazee wa Kinande hawakukaa hivyo. Kyaghanda, nyumba yao ya mikusanyiko, ilikuwa na moto katikati na watu kuuzunguka. Hapo walikula, wakasimuliana hadithi, wakataniana na kumaliza ugomvi. Kasoro yake ni kwamba ilikuwa hasa ya wanaume.

Tangu vita vilipofika Kayna mwaka 2024, familia nyingi zimetawanyika. Waliobaki na wanaorudi wanahitaji mahali pa kusemezana. Kumbi za parokia na shule zinaweza kuanza bila gharama kubwa: viti vizungushwe, watoto watandikiwe mkeka, ubao wa dama uwekwe mezani, akina mama na vijana wakae sawa na chifu. Waliocheka pamoja mchezoni hawatashindwa kuambiana ukweli shaurini.