Pedi za Breki kwa Gari la Mbio

Gari huuzwa kwa sifa ya kwenda. Muuzaji atakueleza nguvu za injini, atakufungulia boneti uone ilivyo safi, na pengine atakuwashia ili usikie mngurumo wake. Ni wanunuzi wachache waulizao swali la pili, ambalo kwa usalama wa familia lingestahili kuwa la kwanza: je, gari hili husimamaje?

Swali la namna hiyo limetufikia kutoka Gongo la Mboto. Kijana mmoja amenunua Toyota Altezza iliyokwisha kutumika Japani. Pedi za breki za mbele zimekwisha. Fundi mmoja amemshauri anunue pedi za mashindano, kwa kuwa gari lenyewe ni la mbio. Fundi wa pili amemwambia achukue zozote zilizo rahisi, maana breki ni breki. Kila asubuhi kijana huyo humpeleka mama yake kazini na wadogo zake wawili shuleni. Anauliza amfuate nani kati ya mafundi hao.

Jibu letu ni kwamba asimfuate hata mmoja. Yafaa tueleze sababu, kwani magari ya aina hii sasa ni mengi katika mitaa yetu, na vijana wengi wamo katika njia panda hiyo hiyo.

KAZI YA PEDI

Unapokanyaga pedali, mafuta ya breki husukuma bastola iliyomo ndani ya kalipa, na bastola huzibana pedi mbili juu ya diski inayozunguka pamoja na gurudumu. Mkwaruzo ule hugeuza mwendo kuwa joto. Kwa hiyo kusimamisha gari ni kuzalisha joto na kulitawanya hewani upesi. Pedi isiyostahimili joto hupoteza nguvu wakati ule hasa unapoihitaji.

Hapa pana hesabu ambayo kila dereva imempasa aijue. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inayotakiwa kuzimwa na breki huongezeka mara nne. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa na sheria katika maeneo ya makazi, huenda mita 14 hivi katika sekunde moja ambayo dereva anatambua hatari na kuinua mguu. Kisha, barabara ikiwa kavu na breki zikiwa nzima, litahitaji mita nyingine kama 14 ili lisimame. Likienda kilomita 100 kwa saa, sekunde ile hula mita 28, na kusimama hula mita 55 hivi. Mtoto aliye mbele yako mita 40 atakuwa salama katika hali ya kwanza. Katika hali ya pili hakuna pedi iuzwayo popote duniani itakayomwokoa.

Tafadhali lishike neno hilo kabla hatujaendelea. Pedi nzuri humsaidia dereva mwenye busara. Haiwezi kumlipia deni dereva mwenye papara.

AINA ZA PEDI

Mwaka 1897 Mwingereza Herbert Frood alianza kutengeneza vifaa bora vya breki, baada ya kuona waendesha magari ya farasi wakipigilia ngozi za viatu vikuukuu kwenye breki za mbao ili zishike. Kutokana na jina lake likapatikana jina la Ferodo, ambalo hata leo laonekana katika maduka ya spea. Tangu hapo watu wamekuwa wakitafuta kitu kimoja tu: mchanganyiko ushikao vizuri, usioungua, na usiokula chuma cha mwenzake.

Kwa miaka mingi asbesto ilitumika katika mchanganyiko huo, kwa kuwa haiungui upesi. Lakini vumbi lake likivutwa huleta saratani, na Shirika la Afya Duniani limekwisha kueleza kwamba aina zote za asbesto ni hatari. Nchi nyingi zimeipiga marufuku. Chagua pedi zilizoandikwa waziwazi kwamba hazina asbesto. Na kwa kuwa huwezi kujua pedi za zamani zilitengenezwa kwa nini, fundi asipulize vumbi la breki kwa upepo wa mashine. Na alifute kwa kitambaa kibichi. Watoto wasicheze karibu.

Pedi zinazouzwa leo zaweza kugawanywa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni pedi laini, zilizotengenezwa kwa nyuzi, mpira na gundi. Hazipigi kelele, hushika tangu zikiwa baridi, na bei yake ni nafuu. Udhaifu wake ni kwamba huisha upesi, na zikipata joto kali hulegea. Fungu la pili ni pedi zenye chuma kingi ndani yake. Hizi hustahimili joto na hufaa kwa mizigo na miteremko mirefu, ila hupiga kelele, hutoa vumbi jeusi na hula diski. Fungu la tatu ni pedi za seramiki. Ni tulivu, vumbi lake ni dogo, na hudumu, lakini bei yake ni kubwa.

PEDI ZA MASHINDANO

Sasa tumjibu fundi wa kwanza. Pedi za mashindano ni kweli zipo, na ni kweli ni imara. Lakini zimeundwa kwa kazi moja. Katika uwanja wa mbio dereva hukanyaga breki kila baada ya sekunde chache, akiwa katika mwendo mkali, na diski hufikia mamia ya nyuzi za joto. Pedi zile huamka katika joto hilo. Zikiwa baridi, nyingi huteleza.

Fikiri basi juu ya asubuhi ya Gongo la Mboto. Gari limelala nje usiku kucha, pengine mvua imenyesha. Kijana anatoka Ulongoni polepole kwa sababu ya mashimo na mchanga, anaingia Barabara ya Nyerere, ile iliyokuwa ikiitwa Barabara ya Pugu, na mara anakuta foleni. Breki yake ya kwanza ya nguvu huenda ikawa ni ya kumkwepa mwanafunzi anayevuka au bodaboda iliyochomoza ubavuni. Pedi bado ni za baridi. Pedi ya mashindano itamsaliti hapo hapo.

Wazee miongoni mwetu wanakumbuka mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953 na ambazo njia zake zilipita pia katika nchi yetu. Gari la mbio la Datsun 240Z lilishinda mwaka 1971 na tena mwaka 1973, safari hiyo ya pili likiendeshwa na Shekhar Mehta, aliyezaliwa Kampala. Magari yale yalifuatwa na mafundi waliobeba vipuri tayari. Pedi zilipokwisha, zilibadilishwa njiani. Mfanyakazi wa kawaida hana kikosi cha mafundi kinachomfuata nyuma. Pedi zake zapaswa kumfaa kwa miezi mingi, katika mvua na jua, akiwa peke yake au amepakia watu watano.

Altezza iliundwa kuanzia mwaka 1998 hadi 2005, na nje ya Japani iliuzwa kwa jina la Lexus IS. Ni gari jepesi kuchomoka, na husukumwa na magurudumu ya nyuma. Kwa matumizi ya kijana wetu, yaani mjini siku za kazi na safari ndefu mara chache, tunamshauri achukue pedi za seramiki za kampuni inayoaminika, au zenye chuma cha wastani, zilizotengenezwa kwa vipimo vya gari hilo. Akiwa ni mtu wa kusafiri mara kwa mara kwenda Iringa na kuteremka Kitonga, basi zenye chuma zitamfaa zaidi. Hata hivyo, katika Kitonga asitegemee pedi pekee. Ateremke kwa gia ndogo, injini imsaidie kulishika gari, na breki aikanyage kwa vipindi ili ipate kupoa.

UKIFIKA DUKANI

Sasa zamu ya fundi wa pili, asemaye breki ni breki. Ndugu msomaji, ukienda Kariakoo au Gerezani utakuta maboksi yanayofanana kama mapacha, na bei zinazopishana kama mbingu na ardhi. Nenda na pedi moja ya zamani mkononi pamoja na namba ya chesisi, kwa sababu magari yenye jina moja yaweza kuwa na breki za vipimo tofauti, kutegemea injini na mwaka.

Chunguza ukingo wa pedi au mgongo wake. Katika pedi nyingi utaona herufi mbili zinazofuatana, kama vile FF au GG. Herufi ya kwanza hueleza ushikaji wake katika joto la kawaida, na ya pili hueleza ushikaji wake ikiwa na joto kali. E ni dhaifu kuliko F, na F ni dhaifu kuliko G. Ukiona GE, elewa kwamba pedi hiyo huanza kwa nguvu kisha hulegea inapopata moto. Kwa gari lenye mwendo, isipungue FF. Herufi hizo hazisemi lolote juu ya uimara wa pedi wala muda itakaodumu, lakini ni mwanzo mzuri. Pedi zilizopimwa kwa kanuni za Ulaya huwa na herufi E ndani ya duara, pamoja na namba ya nchi iliyozipitisha.

Kisha tumia macho na vidole. Bati la mgongoni liwe limenyooka, lisiwe na kutu. Pedi zote nne ziwe na unene sawa. Ukikwaruza kwa ukucha zisimeguke. Maandishi ya boksi yasiwe na makosa ya herufi, na namba iliyo kwenye boksi ilingane na iliyo kwenye pedi. Dai risiti. Tume ya Ushindani ndiyo yenye kazi ya kupambana na bidhaa bandia kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, lakini malalamiko yasiyo na risiti ni vigumu kuyafikisha popote.

KWA FUNDI

Pedi nzuri ikifungwa vibaya ni fedha iliyotupwa. Simama karibu, kwa heshima, utazame mambo haya.

Kwanza, pedi hubadilishwa pande zote mbili, kulia na kushoto. Ukibadili upande mmoja, gari litavuta upande utakapofunga breki. Pili, diski ipimwe. Unene wa mwisho unaoruhusiwa kwa kawaida huandikwa kwenye diski yenyewe. Ikiwa imepungua kuliko hapo, haina budi kubadilishwa. Tatu, pini za kalipa zisafishwe na kupakwa grisi inayostahili. Ukiona pedi ya ndani imekwisha huku ya nje ingali nene, jua kwamba kalipa imekwama, na pedi mpya zitakwenda njia ile ile.

Nne ni mafuta ya breki, ambayo husahauliwa kuliko vyote. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Dar es Salaam ina unyevu mwingi. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka katika nyuzi 230 au zaidi. Yakikwisha kunywa maji, kiwango hicho chaweza kushuka hadi 155. Yakichemka hufanya mapovu, na pedali huzama hadi chini bila gari kushikwa. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili, na kopo lililofunguliwa muda mrefu usilitumie.

Kazi ikiisha, kanyaga pedali mara kadhaa gari likiwa limesimama mpaka iwe ngumu. Wako waliotoka gereji bila kufanya hivyo wakaishia ukutani. Halafu, mahali pasipo watu, endesha kilomita 50 kwa saa, punguza taratibu hadi 10 bila kusimama kabisa, urudie mara nane au kumi, kisha uache zipoe. Ndivyo pedi na diski zinavyozoeana.

BAJETI YA NYUMBANI

Twajua kwamba mshahara ni mdogo na mahitaji ni mengi. Lakini kijana aliyepata fedha za kuongeza muziki ndani ya gari na kubadili rimu hawezi kusema fedha za pedi zimekosekana. Tunapenda kusema kwamba ajali haina kinga. Msemo huo hutufariji msibani, lakini gereji haufai, kwa kuwa ajali nyingi za breki zina kinga, nayo yauzwa dukani. Usipoziba ufa utajenga ukuta: pedi iliyoachwa mpaka chuma kikagusa chuma huharibu diski, na gharama huwa maradufu.

Mama wa nyumba hiyo naye ana haki ya kuuliza. Yeye ndiye abiria, na wanawe ndio waliokaa kiti cha nyuma. Akisikia mlio mwembamba kila gari linapofunga breki, akiona gari linavuta upande, au akimwona mwanawe anakanyaga pedali mara mbili ndipo lishike, amwambie waziwazi: mwanangu, leo twende kwa daladala, na gari liende kwa fundi.

Kwa magari mengi pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hivi. Zikibaki 3, muda wake umekwisha. Jumapili ya leo, kabla ya chakula cha mchana, chukua tochi, chungulia katikati ya rimu, utazame zimebaki ngapi.