Tairi Kubwa ni Sherehe, Difu Ndiyo Kazi

Wacha niseme hii na wenye Jimny wanikasirikie wakitaka: kama doh yako ni kidogo, usianze na tairi. Anza na difu.

Unajua zile Jimny za zamani, za injini ya 1.3. Imeinuliwa, ina keria, taa sita kwa paa, tairi za matope zimetokeza nje ya bodi. Picha ni kali. Halafu mvua inyeshe kidogo kwa ule udongo mweusi wa Kajiado: gurudumu moja la nyuma linazunguka kama feni, lenzake limetulia kama abiria.

Sababu si siri. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawa pande mbili, na hiyo "sawa" ndiyo shida. Gurudumu moja likiteleza, halihitaji nguvu nyingi kuzunguka, na la pili linapewa hicho hicho kidogo. Loka inafunga pande zote mbili zizunguke pamoja, hata moja likiwa hewani. Kama huna loka, vuta handibreki kidogo tu huku ukikanyaga mafuta polepole. Lile linaloteleza linapata kizuizi, lenzake linaamka. Hiyo ni bure, na wengi hawaijui.

Sasa turudi kwa tairi. Ya kiwandani ni 205/70 R15. Watu wanapenda 235/75 R15. Piga hesabu: kipenyo kinatoka milimita 668 hadi karibu 733, yaani kama asilimia 10 zaidi. Gia zote zimekuwa nzito kwa kiasi hicho, na 1.3 haina nguvu za kugawa bure. Panda kutoka Mai Mahiu ukiwa na mabeshte watatu ndani uone. Tena spidi mita inakudanganya: ikisoma 100, wewe uko karibu 110, kwa gari fupi ambalo umeliinua. Hapo sicheki.

Dawa ni kubadilisha krauni na pinioni upate uwiano mfupi. Lakini lazima mbele na nyuma zilingane. Ukibadilisha ya nyuma pekee, siku utaingiza 4x4 ekseli zitavutana mpaka kitu kivunjike. Kwa hivyo unalipia difu mbili, na hapo ndipo wengi hukimbilia njia ya mkato.

Njia yenyewe ni kuchomelea. Fundi anashika zile gia ndogo ndani ya difu, anazichoma ziwe kitu kimoja. Bei ni rahisi kweli. Kwa gari la kuchezea matope pekee, sawa, fanya nyuma. Kwa gari unaloenda nalo kazini Nairobi? Apana. Kila kona kwa lami tairi zinaburuzwa, shafti zinakula mzigo, na mvua ikinyesha mkia unaweza kukuponyoka kwa raundabauti.

Mimi ningetumia doh hivi: kwanza oili mpya ya difu. Ikitoka rangi ya chai ya maziwa, maji yaliingia mtoni. Inua ile paipu ya kupumulia juu ya ekseli, ni kazi ya dakika chache. Halafu tairi nzuri za saizi ya kiwandani, na loka ya nyuma, ile ya kuwasha na kuzima. Usikanyage mafuta kwa hasira ikiwa imefungwa, kwa sababu nguvu yote inaweza kuangukia shafti moja, nayo ikatike.

Keria na taa sita zitangoja mshahara wa mwezi ujao.