Ndege Kunyamaza si Kuisha

Mvua zikikata Haneti, wilayani Chamwino, hurudi kauli ileile: mwaka huu ndege wamekwisha, maana hata hawasikiki. Inaudhi. Inaudhi zaidi inapotoka kinywani mwa watu waliotumwa kuwahesabu.

Dume huimba ili apate jike na alinde eneo lake. Akishampata, mara nyingi hupunguza nyimbo. Jike naye akiatamia hutulia tuli. Anayesimama alfajiri na kuandika sauti anazosikia huwajaza daftarini madume wasio na majike, huku jozi zilizokwisha kutaga zikimpita. Halafu huandika kwamba ndege wamepungua!

Wengine hukimbilia viota. Dume wa mnana husuka kadhaa, na jike akivikataa, hubaki vitupu au hubomolewa. Kuvihesabu na kuzidisha kwa mbili ni kuhesabu vyumba badala ya wapangaji. Msimu ukipita, dume hupoteza manjano yake, akafanana na jike, na watu wakasema wanana wamehama.

Hasara kubwa iko kwa kweleakwelea, adui wa mtama na uwele. Huzaliana kwa pamoja kwenye migunga, wiki kadhaa baada ya mvua kushika. Mayai huatamiwa siku kumi hivi, makinda hutoka viotani baada ya wiki mbili hivi, kisha koloni zima huondoka. Mwaka 1971 mtafiti Peter Ward alieleza kwamba ndege hawa hufuata mvua na huweza kuzaliana tena kwingine msimu huohuo. Kwa hiyo kundi lililoandikwa Haneti linaweza kuandikwa upya likifika mbali, likaonekana makundi mawili. Na dawa inayonyunyizwa kwa makisio hayo, fenthioni, huua pia bundi na mwewe wanaokula mizoga.

Wapo wanaojitetea kwamba wenyeji wana masikio mazuri. Sikio gani humsikia jike aliyenyamaza juu ya mayai?

Krisoprezi, jiwe la kijani la Haneti, hupimwa kwa mizani kabla ya senti kutolewa. Ndege anayemaliza chakula cha mkulima hukadiriwa kwa kusikiliza tu, na tena siku moja!

Wahesabuji warudi mahali palepale mara kadhaa: kabla ya kutaga, wakati wa kuatamia na baada ya makinda kuruka. Daftari lisiloonyesha mvua zilianza lini, wala ndege walikuwa katika hatua gani, lirudishwe kwa aliyeliandika.