Kanuni za Mbio za Mitumbwi

Mbio za mitumbwi ni mchezo halisi wa wananchi wa Ziwa Victoria. Wengi wanayakumbuka mashindano ya Balimi, ambayo timu za wanaume na za wanawake zilichujwa Musoma, Ukerewe na kwingineko kabla ya fainali ya Mwanza.

Kila mbio za namna hiyo zinapotajwa, minong'ono ni ile ile: mamluki. Kijiji huazima wapiga kasia wa mwalo wa mbali, na zawadi ikachukuliwa na watu wasiojulikana hata kwa balozi. Jambo hilo halina budi kukomeshwa. Hata hivyo, tunawasihi maofisa wa Halmashauri ya Wilaya ya Musoma, huko Suguti, wasije wakamtaka mshindani awe mzaliwa wa kijiji. Mvuvi huwafuata samaki. Leo yuko Rukuba, mwezi ujao yuko Irugwa. Sharti hilo litawafungia nje wavuvi wenyewe na kutuachia watazamaji! Yatosha jina lake liwemo katika daftari la wakazi miezi mitatu kabla, na asiipigie kasia timu ya pili.

Tarehe nayo ni kanuni. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Wakati wa mbalamwezi wavuvi hupumzika. Mbio zikipangwa siku za giza, mwananchi wa kisiwani atalazimika kuchagua baina ya mchezo na riziki yake.

Jaketi la kuokolea livaliwe na kila mshindani, hata bingwa wa kuogelea. Na kanuni hizo zibandikwe mialoni, si katika ubao wa ofisi peke yake.